Unataka kuandika kuhusu muvi za wiki kwa kuangalia trela? Kaa hapa nikwambie

Juzi Jumatatu usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Mwanza, anasema ananifuatilia tangu yuko kidato cha pili na kila Alhamisi lazima asome nilichoandika kuhusu muvi mpya za wiki ndo apange wikendi yake, hata kama hela ya kwenda sinema hana. Akaniuliza, "Kaka, na mimi nataka kuanza kuandika hivyo hivyo, siri yako ni nini? Maana muvi zenyewe unakuwa bado hujaziona." Nikaisoma mara tatu. Nilitaka nimjibu mistari miwili nilale, nikashindwa, sababu swali lake limegusa mahali ambapo mimi mwenyewe nimeumia na nimeumiza mtu. Na najua hayuko peke yake, wengi mnaosoma hapa mnataka kitu hiki hiki, kwa hiyo namjibu yeye mbele yenu wote.

Nimekulia Manzese, na kazi yangu ya kwanza kabisa ya sinema ilikuwa chaki. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na kibanda umiza, yaani sinema ya mtaani ya kanda za video, mwenye kibanda tukimwita Anko, akaona nina mwandiko mzuri akanipa kazi ya kuandika ubao wa nje, saa nane picha hii, saa kumi picha hii, saa moja usiku picha kubwa. Malipo yangu kuingia bure. Sasa watu walikuwa wanasimama mbele ya ubao na shilingi 100 zao mkononi wananiuliza, "Dogo, hii ikoje?" Na mimi kanda sijaiona, nimeona kava tu. Kava lina jamaa kashika bunduki, nyuma moto, juu helikopta. Nawaambia hii ngumi mwanzo mwisho, ingieni. Wanaingia. Wakitoka siku nyingine wananipita kimya bila kunisemesha kwa sababu ile helikopta ilikuwa ya kwenye kava, ndani haimo. Nilikuwa na miaka 12 na tayari nilikuwa nimeshaijua sura ya mtu aliyekuamini akatoa hela yake.

Miaka ya katikati naruka, shule, kazi za hapa na pale, haina maana hapa. Nilipopata simu nzuri na bando nikaanza kuandika. Kila Jumatano usiku nashusha trela za muvi zinazoingia Ijumaa, naangalia, naandika moja moja. Mwanzo nilikuwa na wasomaji kama 20, wengi ndugu. Wakaongezeka. Kuna tovuti moja ikanitafuta, mhariri wake akaniambia niwaandikie kila wiki watanilipa mwisho wa mwezi, nikaandika wiki 8 bila kukosa hata moja, wiki moja niliandika nina malaria. Nilipouliza hela akanijibu, "Ndugu, trela kila mtu anaziona bure, sasa tukulipe kwa kipi?" Na wiki iliyofuata ukurasa ukaendelea, kichwa cha habari kile kile nilichobuni mimi, mpangilio ule ule, jina la mtu mwingine. Nimekaa na hilo neno muda mrefu sana. Kila mtu anaziona bure. Ni kweli anaziona. Ila kuona trela na kuisoma ni vitu viwili tofauti, na huyo mhariri hakulijua hilo, na naamini mpaka leo halijui.

Kwanza mdogo wangu ujue trela inatengenezwa na nani. Watu wengi wanadhani dairekta ndo anakaa anachagua vipande. Kwa muvi kubwa za Marekani sivyo, kuna kampuni zinafanya kazi hiyo tu ya kukata trela, zinalipwa na studio, na mara nyingi zinaanza kukata wakati muvi yenyewe bado haijakamilika. Mnakumbuka Avengers ya 2018, Infinity War? Kwenye trela Hulk, lile jitu la kijani, anakimbia na wenzake kule Wakanda kwenye vita, mtaani kwetu vijana walikuwa wanabishana Hulk atampiga vipi adui mkubwa Thanos. Mkaingia sinema, Hulk Wakanda hayupo, ni Banner, yule mtu anayegeuka kuwa Hulk, yuko ndani ya lile vazi la chuma. Wakati mwingine ni makusudi kabisa. Mwaka 1960 dairekta Alfred Hitchcock alivyotangaza muvi yake ya kutisha, Psycho, alijitokeza mwenyewe kwenye trela ya zaidi ya dakika 6 akitembeza watu kwenye seti, na pale mwisho anavuta pazia la bafu mwanamke anapiga ukelele, basi yule mwanamke ni Vera Miles, wakati kwenye picha yenyewe wa bafuni ni Janet Leigh. Kwa hiyo hii kitu ni ya zamani.

Na kuna watu walienda mpaka mahakamani. Muvi ya Yesterday ya 2019, trela ilimuonyesha Ana de Armas, lakini sehemu yake yote ilikatwa, kwenye muvi hayumo. Wamarekani wawili waliolipa dola 3.99 kila mmoja kuikodi wakaishtaki studio, na Desemba 2022 jaji akasema trela ni tangazo la biashara, halijikingi tu kwa kusema ni sanaa. Kesi yenyewe baadaye haikufika mbali lakini lile neno la jaji mimi nimelishika. Ni tangazo. Kama tangazo la sabuni. Ukiliandika wewe kama lilivyo, ukasema "muvi hii inachekesha sana" kwa sababu trela imekuchekesha, umeshakuwa mtangazaji wa sabuni bila malipo.

Haya nayajua leo. Siku ile sikuwa nayajua, au niseme ukweli, nilikuwa nayajua ila nilijiona nimeshafika.

Ilikuwa trela ya dakika 2 na sekunde 11. Muvi siitaji jina. Mzee na bibi wameoana miaka mingi, wanacheza muziki harusini, wanakosea njia na gari, bibi anamtania mzee mbele ya wajukuu, wimbo mzuri wa kuchangamka toka mwanzo mpaka mwisho. Nikaangalia mara moja. Katikati pale, chini ya sekunde moja, kuna mkono umelala kwenye shuka jeupe una sindano ya dripu. Niliuona. Naapa niliuona, kwa sababu nilijiuliza huo mkono wa nani, halafu mara ile ile ikaja mzee kavaa kofia ya mjukuu wake nikacheka nikausahau. Nikaandika, "Wiki hii mchukue mama yako, mpeleke, mtacheka mpaka machozi." Watu wakaipenda, wakaisambaza, nikajisikia vizuri sana.

Jumapili asubuhi nikakuta meseji ya dada mmoja simfahamu. "Kaka, jana nilimpeleka mama kama ulivyosema. Baba alifariki, mama ndo kamaliza eda wiki iliyopita, nikasema nimtoe kidogo nyumbani acheke. Ile muvi mzee anaanza kuugua mapema tu, mpaka mwisho wako hospitali. Mama alitoka katikati. Nimemkuta koridoni kasimama kashika mtandio wake mdomoni. Sikulaumu kaka, ila ungesema tu."

Miezi minne na siku kumi yule mama amekaa ndani. Siku anayotoka anapelekwa akaangalie mume wa mtu anakufa, na aliyempeleka huko ni mimi.

Nilimwomba yule dada namba, nikapiga, akampa mama simu. Nilijiandaa kutukanwa. Mama akaniambia, "Mwanangu, hukujua." Nikashindwa kumwambia kwamba niliuona ule mkono. Wiki tatu sikuandika kitu. Wapo walionitumia meseji umeishiwa, umechoka, sikuwajibu.

Sasa ndo nikwambie ninavyofanya tangu siku hiyo, mdogo wangu, na si siri. Trela moja naiangalia mara tatu. Mara ya kwanza kama mtu yeyote, nacheka nikicheka. Mara ya pili bila sauti. Hii ndo kubwa, ukiondoa wimbo ile furaha yote inashuka unabaki na picha tupu, na unaanza kuona hospitali, makaburi, mtu anayelia kwenye gari, vitu ambavyo muziki ulikuwa unavifunika. Mara ya tatu nasimamisha kila kipande na kuandika pembeni sekunde ngapi kuna nini. Stelingi nahesabu nguo zake, kama trela nzima yuko na shati moja na chumba kimoja basi huenda ameigiza siku chache tu na wamemweka mbele kuuza jina. Maneno nayo, mtu akisema sentensi nzito halafu unamuona kisogo, hauoni mdomo, jua sentensi hiyo inawezekana imebandikwa tu pale. Na wakikuandikia "kutoka kwa watayarishaji wa" muvi fulani uliyoipenda, usome vizuri, watayarishaji sio dairekta na wala sio mwandishi, mara nyingi maana yake ni kwamba aliyefanya ile uliyoipenda hii hajaigusa.

Na kama kuna kitabu, soma kitabu. Muvi ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile iliyopelekwa tamasha la filamu la Toronto 2021, mimi riwaya ya Adam Shafi nilishaisoma shule, Yasmini namjua, Denge namjua, kwa hiyo nilipokaa na trela nilijua naangalia nini. Nikawaambia wasomaji wasiende wakitegemea picha ya kukimbizana, hii ni mapenzi na siasa za Zanzibar ya miaka ya 50, inakwenda taratibu, nenda na mtu anayeweza kukaa kimya. Walioenda walinirudia wananishukuru, mmoja akasema nimemuandaa. Hilo neno nalo nimelishika, kuandaa. Ile tovuti iliyonifukuza iliandika mistari minne, nilihesabu.

Halafu kuna suala la lugha na hapa naomba nisikilizwe vizuri maana naona wengi mnaoanza mnakosea hapa hapa. Usiandike "muvi hii ni kali". Hujaiona. Andika "trela inaonyesha", andika "nahisi", andika "sekunde ya 40 kuna kitu sikielewi". Wengine watakuona muoga, wanataka mtu anayesema nendeni au msiende. Waache. Mtu anayekusoma ana mshahara wa mwezi, ametoa hela ya tiketi, hela ya bisi na soda za watoto wawili, hela ya bajaji kurudi Mbagala saa nne usiku, hiyo kwa nyumba nyingi ni siku tatu za matumizi, na wewe umekaa kitandani na bando la usiku unamwambia ni kali. Ukikosea wewe hupotezi kitu. Yeye anapoteza, na mwezi ule hana nyingine. Tuache tabia ya kutafuta kusambazwa kwa hela za watu wengine. Tuangalie mara tatu. Tuzime sauti. Ukishaona kitu kimekushtua hata robo sekunde, usikubali kicheko kinachofuata kikusahaulishe, andika ulichoona.

Yule dada ameendelea kunisoma mpaka leo, na kila Alhamisi ananiuliza swali moja tu, "Kaka, mama anaweza?" Leo ameniuliza kuhusu hii ya vichekesho inayoingia kesho, ya kaka wawili na duka la baba yao. Mara ya kwanza nilicheka sana, kusema kweli ni trela nzuri, kuna kipande cha mizani ya duka nimekirudia. Nikazima sauti. Sekunde ya 51 kuna mlango mrefu wa kijani, benchi, na mtu kavaa koti jeupe anapita upande wa kulia, basi, inakatwa. Nimeisimamisha hapo nimeikuza mpaka picha imechakaa, sioni kama ni hospitali au ni duka la dawa.

Nimemjibu hivi, "Dada, kuna koti jeupe sekunde ya 51, sijajua la nani. Naenda kesho saa kumi jioni mwenyewe. Msikate tiketi mpaka nikupigie."