Vaa kwa Ajili ya Mkeka, Si kwa Ajili ya Jukwaa

Mwaka 2015 niligombea udiwani katika kata moja ya milimani, wilayani Lushoto. Kampeni zilifunguliwa tarehe 22 Agosti na kufungwa tarehe 24 Oktoba, siku moja kabla ya kura. Sikushinda. Mwaka 2020 nikazunguka na wanawake wengine wanne waliogombea, nikiwabebea mikoba, nikiwapangia ratiba na, mara nyingi kuliko nilivyotarajia, nikiwashauri wavae nini. Haya ninayoandika ni yale ninayowaambia wote wanaonipigia simu kuniuliza.

Kosa langu la kwanza nilishona nguo za jukwaani. Nilikwenda kwa fundi na picha kwenye simu: sketi ya kitenge ya kubana yenye mpasuo nyuma, na blauzi yake ya mabega yaliyonyanyuka. Nilijiona mbele ya umati, kipaza sauti mkononi. Lakini mkutano wa diwani si wa rais. Unasimama kwa dakika ishirini, pengine nusu saa, basi. Siku iliyobaki unakaa: nyuma ya bodaboda, kwenye benchi la mwenyekiti wa kitongoji, jikoni kwa mtu, msibani, na zaidi ya yote kwenye mkeka.

Kitongoji cha kwanza nilichokwenda, wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa chini ya mparachichi. Mimi nikaletewa kiti cha plastiki. Nilitaka kukaa nao chini, ila sketi ile ingepanda hadi mapajani kabla sijafika chini. Nikakaa kitini, magoti yamebanana, wao wakinitazama kwa kuinua shingo. Kila nilichouliza nilijibiwa "ndiyo mheshimiwa" au "hapana mheshimiwa". Tulimaliza mapema, wakanipigia makofi, nikaondoka bila kujua hata shida moja ya pale.

Wiki iliyofuata nilikwenda kitongoji kingine na gauni la marinda. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu na kuifunika kwa kanga. Hatujamaliza hata kusalimiana, mama aliyekuwa anachambua maharage pembeni yangu akaanza kunieleza, bila kuniangalia, jinsi anavyoamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya maji. Wengine wakadakia. Tulikaa pale saa mbili nzima. Tangu siku ile nimeamini kwamba nguo ya kampeni ipimwe kwa pale utakapokaa.

Basi ukienda kwa fundi, usisimame mbele ya kioo ukaridhika. Kaa sakafuni na uinuke bila kushika kitu. Panda juu ya stuli. Kaa kwenye benchi kama umepanda pikipiki, mguu huku na mguu huku. Inua mkono wa kulia juu kabisa, kama unapungia watu, uone kwapa linabana au blauzi inapanda na kuacha tumbo. Nguo ikishindwa hapo irudishe mezani, fundi aifumue. Mimi nilipata utulivu kwenye gauni la kitenge lililokatwa kiunoni, marinda mapana, urefu hadi katikati ya muundi, mikono hadi kwenye kiwiko. Na mifuko miwili ya pembeni! Msisitizie fundi mifuko. Simu, leso, kalamu na karatasi ya majina ya watu unaopaswa kuwataja, vyote vikae mwilini mwako, maana mkoba utaachwa kwenye gari kila mara. Dera nalijua na nalipenda, lakini liache nyumbani. Nimemwona mgombea akikanyaga pindo la dera akipanda kwenye Fuso mbele ya watu, akaangukia mikono, na siku tatu zilizofuata hakuna aliyezungumzia hoja yake ya barabara.

Ndani ya gauni vaa taiti nzito inayofika magotini. Kila siku, hata jua likiwa kali. Si suala la bodaboda peke yake. Ukiwa juu ya gari au jukwaa la mbao, chini yako kuna vijana wenye simu. Mmoja wa wale niliozunguka nao mwaka 2020 alipigwa picha kutoka chini, ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima. Alilia usiku mzima, na asubuhi akapanda tena jukwaani. Aliyeipiga ndiye mwenye aibu, na hilo tulilisema hadharani, lakini ningefurahi zaidi kama isingewezekana kupigwa. Kadhalika umati ukitaka kukubeba mabegani, kataa kwa tabasamu na uwe na wanawake wawili wenye nguvu ubavuni mwako. Katika msukumano ule kuna mikono isiyokuja kushangilia.

Sasa kanga. Hapa nitakaa kidogo.

Tembea na kanga kila uendako, doti nzima. Moja ya kiunoni au begani, nyingine imekunjwa. Utajifunika magoti mkekani, utajitanda ukiingia msibani, utaitandika ukikaribishwa pasipo na mkeka. Lakini soma jina lake kabla hujaibeba, maana utakutana na wanaosoma. Mimi nilikurupuka asubuhi moja, nikavuta kanga ya juu kabatini, nikaingia kijiji ambacho bomba lake lilikuwa limekauka tangu mwaka uliotangulia na walikuwa wamelalamika mpaka wamechoka. Nikawaahidi nitawasikiliza. Mama mmoja wa mbele hakuwa akinitazama usoni, alikuwa anatazama pindo langu. Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Kelele za mlango hazimkeri mwenye nyumba." Kisha akauliza, "Kwa hiyo sisi ndio mlango?"

Hapakuwa na jibu. Nilivua ile kanga, nikaikunja, nikawaomba radhi na kuwaambia ukweli kwamba sikuisoma. Wapo walionielewa. Yule mama sidhani. Tangu hapo nachagua kanga za dua au za maneno mapole kama "Wema hauozi", na naziepuka zote za mafumbo. "Hasidi hana sababu" ni kanga nzuri kwa mambo mengine, ila mgombea akiijitanda, kila aliyekosana naye ataona anasemwa yeye.

Lipo jingine la kanga linaloumiza. Mama atakushika mkono na kukuambia, "Mwanangu, niachie hiyo kanga yako nikukumbuke." Kwa malezi yetu unaivua na kumpa. Wakati wa kampeni, usimpe. Tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, na kumpa mpigakura kitu kipindi hicho kunaweza kuhesabiwa hongo, hata kama moyoni mwako hapakuwa na hongo yoyote. Aliyesimama kando na simu hatapiga picha ya nia yako. Mimi nilikuwa nawajibu, "Bibi, sheria inanifunga mikono, tukimaliza uchaguzi nitakuja kukuamkia." Nilikwenda, nimeshashindwa tayari, na doti mpya mkononi.

Kuhusu kujivika unyonge, nisikilizeni vizuri, kwa sababu washauri wengi wanaume watawaambia "vaa kawaida, usiwatishe watu". Mimi niliwasikiliza. Siku moja nikavaa gauni lililopauka nililolinunua mnadani, nikiamini wazee wataniona mwenzao. Bibi mmoja alinishika bega, akanivuta pembeni watu wasisikie, akaniuliza: "Mwanangu, ukialikwa harusi unakwenda hivi?" Yeye alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, limenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi mistari inaonekana, na kitambaa cheupe kichwani. Alijipamba kwa ajili yangu. Mimi sikujipamba kwa ajili yake. Nguo safi, iliyopigwa pasi, ya kitambaa wanachokijua, ni heshima kwa mwenyeji wako. Dhahabu ndiyo uiache nyumbani. Bangili pia, kwa sababu nyingine: zinagonga kipaza sauti na watu wanasikia mlio wa chuma katikati ya kila sentensi. Pete ya ndoa, kama unayo, ibaki. Watakuuliza mumeo yuko wapi, swali ambalo mgombea mwanamume hasumbuliwi nalo, na kulijibu kila kituo kunakula muda wa hoja zako.

Kichwani, suka nywele za kukaa, au funga kilemba. Wigi na upepo wa kwenye gari la wazi havipatani. Kama wewe ni Mkristo na unaingia mtaa wa Waislamu wengi, jitande kanga yako kama ambavyo ungefanya siku zote, inatosha. Usijifunge hijabu usiyoijua kuifunga. Watu wanajua wewe ni mama nani na unasali wapi, na wanaona haraka anayejigeuza.

Viatu viwe vya chini na vya kuvulika kwa sekunde, kwa sababu utavivua mara kumi kwa siku. Milimani kwetu asubuhi za Agosti ni baridi, beba sweta lisilo na rangi ya chama chochote.

Maana sare nayo ina mahali pake. Fulana za chama hushonwa kwa kifua cha mwanamume; mpelekee fundi aibane mabegani na kuirefusha kwa kitambaa cha pembeni. Kina mama wako wakishona sare yao, vaa ileile waliyovaa wao, usijishonee ya kwako ya pekee. Vikundi vya ngoma vya wanawake, vile ambavyo Bibi Titi Mohamed alivitumia kuwaingiza kina mama TANU kuanzia mwaka 1955, vilijua siku nyingi kwamba sare inasema "sisi". Lakini msibani, kamwe. Ukipata habari ya msiba njiani, simamisha gari, badili nguo kwa mtu, vaa gauni la kawaida na kanga mbili. Nimeshuhudia mgombea, huyo alikuwa mwanamume, akiingia msibani na rangi za chama toka kofia hadi skafu. Wazee walimpa mkono, hawakumpa kiti.

Suruali je? Naulizwa sana na wadogo zangu. Tarehe 1 Juni 2021, mbunge mwanamke wa Momba alitolewa ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma, kwa sababu ya suruali aliyovaa, baada ya mbunge mwenzake mwanamume kusimama kuilalamikia. Niliumia siku ile na bado naumia. Yule mama alichaguliwa na watu wa jimbo lake, na suruali yake haikumzuia mtu kusikia hoja. Hata hivyo nitakuambia ninavyofanya mimi: mjini, kwenye mdahalo, kwenye redio, vaa suruali yako pana na kanzu fupi juu. Kijijini, siku ya kwanza, vaa gauni. Hujui bado nani atasimama kukuondolea muda wako kwa kisingizio cha nguo, na muda wa mkutano ni mchache. Saa 12 jioni ikifika unatakiwa uwe umeshazima kipaza sauti. Ukishawafahamu nao wakakufahamu, wewe ndiye mwenye kuamua.

Na hedhi. Hakuna aliyenitajia kabla, nami nawataja ninyi wazi. Kampeni ya siku zaidi ya 60 itakukuta na hedhi mara mbili au tatu, nayo haiangalii ratiba. Siku hizo vaa kitenge chenye rangi za giza na maua makubwa, usivae nyeupe wala kijani mpauko. Beba pedi za kutosha, kanga ya akiba, chupa ya maji na sabuni. Muulize mwenyeji wako wa kike choo kiko wapi kabla hujapanda jukwaani, maana mikutano yetu hupangwa na wanaume na hilo hawalifikirii. Februari 2023, jirani zetu Kenya, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na doa kwenye suti yake nyeupe, akaombwa atoke. Alisimama imara na kuisema aibu ile kuwa si yake. Namheshimu kwa hilo. Wewe wa udiwani, ukiwa peke yako kijijini bila kamera za kukutetea, jiandae mapema usije ukakatisha hotuba.

Siku ya kupiga kura ficha kila chenye alama ya chama, hata leso. Mimi nilivaa lile gauni la marinda, la kahawia, lililokwisha kupauka mabegani kwa jua la wiki tisa. Nilipanga foleni saa moja asubuhi. Yule mama wa maharage alikuwa mbele yangu watu watatu, akageuka, akaniona, akasogea pembeni kwenye benchi ili nipate nafasi ya kukaa.