Maswali na majibu: Mnagombana na sura, hadithi mnaiacha

Maswali ya Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya Daktari anayesafiri katika nyakati na anga, yamejaa mpaka yameanza kupandana, kwa hiyo leo nayamaliza kwa mkupuo. Wale wanaotaka niwarushie msimu mzima kwenye simu, sina duka la muvi. Wengine twendeni.

Nianzie wapi kuangalia? (Wengi mno)

Mwaka 2005, episodi ya kwanza, inaitwa "Rose". Anayekwambia uanze na ya 1963 anataka uache kabla hujafika popote. Swali hili sasa lifungwe.

Shikamoo. Sisi tumekua tukijua steringi hafi. Huyu Daktari mbona tukishamzoea tu wanamuua, wanaleta mwingine? Nimesikia ni ugomvi wa mishahara. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Steringi hajafa, na huo ugomvi wa mishahara umeutoa kijiweni. Chanzo ni ugonjwa. William Hartnell ndiye aliyekuwa Daktari BBC ilipoanza kuirusha tamthilia hii, tarehe 23 Novemba 1963. Ilipofika 1966 mishipa yake ya damu ilikuwa imeanza kukakamaa, na mistari ilikuwa inampotea mbele ya kamera. Watengenezaji wangeweza kufunga kazi. Wangeweza pia kutafuta mzee wa kufanana naye, wamvike wigi jeupe, watazamaji wajifanye hawajaona kitu. Wao wakamchukua Patrick Troughton: nywele nyeusi, suruali ya mirabamraba inayompwaya, filimbi mkononi, vituko tele. Kwa yule mzee mkali hafanani hata kidogo. Kwa kuwa Daktari si binadamu, wakasema mwili wake ukichakaa hujifanya upya. Miaka sitini ya tamthilia imejengwa juu ya ujanja huo mmoja.

Na nyie mnaopiga kelele kwamba "huyu si Daktari wangu", mliandikwa ndani ya hadithi tangu siku ile. Troughton anazinduka sakafuni. Ben, kijana baharia aliyekuwa akisafiri na yule mzee, anamkataa katakata. Anaichukua pete ya Hartnell, anamwambia aivae basi kama kweli ndiye. Pete inapwaya, inadondoka. Ben anaona kesi imekwisha. Halafu wanakutana na Dalek, adui yake wa miaka yote, na Dalek anamtambua pale pale bila kuuliza pete wala kitambulisho.

Mikanda ya hadithi hiyo, "The Power of the Daleks", ilifutwa, ikabaki sauti, na mwaka 2016 wakaichorea katuni. Itafuteni.

Nikubali hivi: si wote walioondoka kwa ugonjwa. Wengi walichoka tu wakaaga. Colin Baker, Daktari wa sita, alifukuzwa mwaka 1986, akagoma kurudi hata kwa ajili ya kile kipande cha kubadilika. Wakafanyaje? Sylvester McCoy, mrithi wake, akalazwa chini kavaa wigi la mwenzake, mwanga ukamwagwa usoni, kazi ikaendelea. Ukiangalia vizuri unaona kabisa ni yeye.

Jina lake ni Doctor Who, siyo? Tumebishana ofisini. (Msomaji, Nakuru)

Doctor Who ni jina la tamthilia, mwenyewe anaitwa Daktari. Lakini na hao wajuaji wenu wapunguze: mpaka 1981 orodha ya waigizaji ilimwandika Doctor Who, na Christopher Eccleston, Daktari wa mwaka 2005, aliandikwa hivyo hivyo.

Kubali tu kwamba tamthilia ilikufa siku walipomfanya steringi mwanamke. (Shabiki wa tangu enzi za David Tennant, Tanga)

Sikubali. Barua za namna hii zinanijia zikiwa zimenakiliwa maneno yale yale, na karibu zote hazitaji hata episodi moja.

Jodie Whittaker, huyo Daktari mwanamke, alitangazwa Julai 2017, mara baada ya fainali ya wanaume ya Wimbledon. Peter Davison, Daktari wa tano, alisema anasikitika kwamba wavulana watapoteza mfano wa kuiga. Hiyo ni hoja ya mtu mzima, inajibika. Lakini msiseme wazo liliokotwa jana. Tom Baker, Daktari wa nne, alipokuwa anaaga mwaka 1980 aliwaambia waandishi wa habari kwamba anamtakia heri mrithi wake, awe mwanamume au mwanamke. Alitania, ila watu walilisikia. Sydney Newman, mmoja wa waasisi wenyewe, aliwaandikia wakubwa wa BBC miaka ya themanini akipendekeza Daktari mwanamke. Na Master, hasimu wake mkubwa, alishageuka mwanamke mwaka 2014 akiigizwa na Michelle Gomez. Nyote mlimpenda. Mbona pale hamkuona ajabu?

Sasa turudi kwenye kazi. Chukua "Demons of the Punjab" ya mwaka 2018, aliyoiandika Vinay Patel. Ni Agosti 1947, India inagawanywa, na binti Mwislamu anaolewa na kijana Mhindu juu ya mstari wenyewe wa mpaka. Whittaker ndiye anayefungisha ndoa. Kamba iliyowekwa kuonyesha mpaka inachukuliwa na kuwafunga maharusi mikono. Viumbe kutoka anga za mbali, ambao muda wote tulidhani wamekuja kuua, kumbe kazi yao ni kusimama kando ya wale wanaokufa bila mtu wa kuwashuhudia. Na Daktari inambidi ageuke aondoke, risasi isikike mgongoni kwake. Mwambie yeyote aliyeiona kwamba mwanamke hawezi kuwa Daktari.

Halafu chukua "The Timeless Children" ya mwaka 2020. Mwanamke huyo huyo kafungwa mahali pamoja, Master anamsomea historia yake mwenyewe sehemu kubwa ya episodi, na yeye kazi yake ni kushtuka. Mwigizaji hakubadilika. Kalamu ilibadilika.

Peter Capaldi, Daktari aliyemtangulia Whittaker, naye mtazameni vivyo hivyo. Mwaka 2015 walimpa "Heaven Sent", mzee wa miaka 57 karibu peke yake episodi nzima, anaupiga kwa ngumi ukuta mgumu kuliko almasi, anakufa, anarudi, anapiga tena, kwa mabilioni ya miaka. Mwaka mmoja kabla ya hapo walimpa hadithi ambayo mwezi ni yai. Yai likaanguliwa, kilichotoka kikataga mwezi mwingine, ukubwa ule ule, wakati huo huo, kikaenda zake. Uso ni ule ule, sauti ni ile ile. Mtu akiniambia Capaldi ni mzuri au mbaya namuuliza kwanza: kwa mkono wa nani?

Ndiyo maana nasema kila siku, ukitaka kulalamika anza na jina la mwandishi. Whittaker alipewa wasafiri watatu kwa mpigo, mistari ikagawanywa mpaka kila mtu akabaki na makombo. Hilo ni kosa la mezani. Ila najua pia wapo wanaojificha nyuma ya hoja hii ya uandishi, kumbe shida yao ni sketi. Wala sketi hakuvaa. Ilikuwa suruali fupi na mikanda ya mabegani.

Nasikia kuna Daktari Mnyarwanda, tena mweusi wa kwanza. Ni kweli? (Msomaji, Ngara)

Ncuti Gatwa amezaliwa Kigali mwaka 1992. Familia yake ilikimbia mwaka 1994, akakulia Uskoti. Hapo ni kweli. Mweusi wa kwanza kuongoza tamthilia, pia kweli. Mweusi wa kwanza kuwa Daktari, hapana: Jo Martin alitangulia Januari 2020, akang'ara, waandishi wakampa vipande vya hapa na pale kisha wakamwacha kwenye mataa. Mmemsahau kwa sababu wao walimsahau kwanza.

Kwa Gatwa nawashauri muangalie "Dot and Bubble" ya 2024. Asiyetaka kujua mwisho aruke mistari hii. Vijana matajiri wanaishi ndani ya kioo cha simu, kila mmoja kazungukwa na nyuso za marafiki zake, na mji wao unaliwa na madudu. Unaangalia muda wote, unacheka ujinga wao. Mwishoni Daktari anawapa nafasi ndani ya kibanda chake cha bluu, chombo chake cha safari, wapone wote. Wanakataa. Wanasema hawawezi kupanda na mtu wa aina yake, bora watokomee mwituni. Hapo ndipo unarudisha akili nyuma, unagundua kwamba nyuso zote ulizoziona zilikuwa nyeupe na wewe hukuliona hilo. Gatwa anaanza kwa kucheka, halafu anapiga ukelele. Waliiandika ngozi yake ndani ya hadithi, hawakuishia kuichapa kwenye bango.

Aliondoka Mei 2025. Misimu miwili, kila mmoja episodi nane. Tom Baker alipewa miaka saba. Msimpime mtoto wa watu kwa mizani moja na mtu wa miaka saba.

Inasemekana anaruhusiwa kubadilika mara 12 tu. Mbona wameshapita? (Mwalimu wa hisabati, Iringa)

Mwalimu, sheria ya mara 12 iliingizwa mwaka 1976 kwa sababu hadithi moja iliihitaji. Mwaka 2013 hesabu ikaisha: Matt Smith mnayemwita wa kumi na moja alikuwa kwenye uhai wa kumi na tatu, ukimhesabu John Hurt, Daktari asiyepewa namba, na ile mara Tennant, aliyemtangulia Smith, alipobadilika akabaki na sura yake. Krismasi ya mwaka huo akapewa maisha mapya kupitia ufa ukutani. Mwaka 2020 wakasema hata yule wa 1963 hakuwa wa kwanza. Hesabu za tamthilia hii huandikwa kwa penseli, na mwenye kifutio ni yeyote aliyeshika usukani mwaka huo. Ukizishikilia utaumwa kichwa bure.

Daktari bora ni nani? Jibu moja, bila siasa. (Msomaji, Bukavu)

Patrick Troughton.

Najua nusu yenu mnapanga orodha za ubora bila kumwona hata dakika tano, na si kosa lenu lote. BBC ilifuta mikanda yake mingi ili itumike tena. Kilichookoa baadhi ni nakala za filamu zilizouzwa ng'ambo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba episodi tisa zilizokuwa zimepotea zimekutwa Jos, Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo. Ndani yake mlikuwamo "The Enemy of the World", ambamo Troughton anaigiza watu wawili, Daktari na dikteta mmoja anayefanana naye, aitwaye Salamander. Kuna mahali Daktari anajifanya Salamander, na kwingine Salamander anajifanya Daktari. Mtu mmoja, tabaka nne, na hupotei. Kwa miaka mingi hadithi ile ilidharauliwa kwa sababu kulikuwa na episodi moja tu ya kuihukumu. Iliporudi nzima, waliokuwa wakiidharau wakameza maneno yao.

Kwa hiyo kabla ya kuniletea orodha yako ya kumi bora, niambie umewaona wangapi.

Mwanangu ana miaka minane, alilia mpaka akalala siku Matt Smith alipoondoka. Sasa hataki kumwona huyo babu mpya. Nimlazimishe? (Mama, Kigoma)

Usimlazimishe, mama, wala usimcheke. Mwambie tu avumilie "Deep Breath", episodi ya kwanza ya huyo babu, Peter Capaldi, mpaka mwisho, maana waliiandika kwa ajili yake. Clara, msafiri mwenzake Daktari, naye hamtaki babu. Yuko karibu kabisa kuondoka, simu inalia, kumbe aliyepiga ni Matt Smith mwenyewe, alipiga kabla hajabadilika. Anamwomba amsaidie huyu aliye mbele yake, kwa sababu ana hofu kuliko yeye. Clara anakata simu, na babu anamuuliza kama sasa anamwona. Kaa naye karibu hapo.

Jambo moja hukuniuliza: mtoto wa miaka minane asiangalie peke yake. Zile sanamu za malaika zinazosogea ukipepesa macho zimewakosesha usingizi watu wazima wenye familia.

Kwa hiyo Daktari wa 16 ni Billie Piper? Tayari nimeona trela yake, nakutumia linki. (Msomaji, Dodoma)

Gatwa alipogeuka, sura iliyotokea ni ya Piper, yule aliyeigiza Rose, msafiri wa 2005, hilo sote tumeliona. Lakini majina ya mwisho yaliandika kwamba anatambulishwa Billie Piper, wakaishia hapo. Hawakuandika kwamba ni Daktari, na watu hawa huwa hawasahau kuandika. Aliyekwambia limeshaamuliwa anakuuzia maneno.

Trela yako nimeitazama. Piper ana vidole sita, Dalek hana kivuli, na sauti inaongea kama tangazo la mkopo. Imetengenezwa na kompyuta ya mtu anayetafuta watazamaji. BBC wana chaneli yao, trela ya kweli huwekwa huko. Hiyo ifute, na kule kwenye kundi la familia ulikoituma ifute pia.