Fundi wa mabomba, bima yako inaishia wapi?

SWALI: Mimi ni fundi wa mabomba hapa Nakuru, mwaka wa 11 huu. Nina cheti cha gredi ya pili cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Nimepata kazi ya fleti 12 zinazojengwa upande wa Lanet, lakini mwanakandarasi mkuu anasema nisikanyage saiti bila karatasi za NCA (mamlaka ya ujenzi), bima ya WIBA ya wafanyakazi wanaoumia kazini, na pablik layabiliti, yaani bima ya madhara kwa watu wengine, ya shilingi milioni 5. Nina vijana wawili. Mmoja namlipa 1,000 kwa siku, mwingine bado anajifunza, nampa 500. Je, hizi zote ni lazima ama ananisumbua tu? Na bomba likipasuka nikiwa nimeshaondoka, bima italipa? Halafu anataka nimuunganishie pampu ya maji pia.

JIBU: Fundi, hakusumbui. Karatasi anazodai zinamlinda yeye, na ukizichukua vizuri zitakulinda wewe zaidi. Taabu ni kwamba mafundi wengi huzinunua ili kuonyesha langoni tu, kisha siku ya hasara wanagundua walichonunua si walichodhani.

Tuanze na NCA. Cheti chako cha NITA kinasema unaijua kazi. Hakisemi unaweza kuchukua kandarasi. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda NCA inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi kabla ya kusajiliwa. Ukiwa unafanya kazi kwa mikono yako chini ya mwanakandarasi mwingine, unasajiliwa kama mfanyakazi stadi wa ujenzi, na hapo cheti chako cha gredi kinakufaa sana. Lakini ukisaini mkataba wa fleti zote 12 kwa jina lako, ukaajiri watu na kununua vifaa, wewe sasa ni mwanakandarasi. Utahitaji kampuni iliyosajiliwa, karatasi za kodi za KRA na mkurugenzi mwenye masomo ya ufundi huo. Mabomba yamewekwa chini ya kazi za mitambo, na madaraja huanzia NCA 8 chini hadi NCA 1 juu. Usajili hufanywa upya kila mwaka. Leseni ya biashara ya kaunti haichukui nafasi yake, ingawa nimeona watu wakiibandika ukutani wakidhani imetosha.

Kama kampuni huna bado, mwombe mwanakandarasi akuchukue wewe na vijana wako kama wafanyakazi wake kwa mjengo huu, kwa maandishi, nanyi muingie kwenye WIBA yake. Faida itapungua, lakini hutavunja sheria, na utapata nafasi ya kuandikisha kampuni kabla ya kazi inayofuata.

Ukiingia kama kampuni, WIBA ni lazima. Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya 2007 inamtaka kila mwajiri awe na bima hiyo. Na huyo kijana anayejifunza usimwache nje, kwa sababu sheria inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Yeye ndiye anayeshika mashine ya kuyeyusha na kuunganisha bomba za plastiki za PPR ikiwa kwenye nyuzi joto 260, na bado hajazoea.

Malipo ya WIBA hutokana na mishahara unayoitangaza, na hapa ndipo watu hujikata wenyewe. Chukua yule wa 1,000 kwa siku. Kwa siku 26 ni 26,000 kwa mwezi. Akifa kazini, au akipata ulemavu wa kudumu asiweze kazi tena kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96, yaani shilingi 2,496,000. Sasa tuseme uliandika kwenye fomu kwamba unamlipa 10,000 ili bima iwe rahisi. Miezi 96 ya 10,000 ni 960,000. Hiyo 1,536,000 iliyobaki familia yake itakudai wewe, kwa sababu sheria inaangalia alichokuwa akipata. Tangaza mshahara wa kweli. Mwisho wa mwaka kampuni ya bima hulinganisha makadirio na ulicholipa hasa. Ajali ikitokea, mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa idara ya usalama kazini, na kifo huripotiwa ndani ya saa 24.

Pablik layabiliti inahusu watu wengine na mali yao: mpangaji, jirani, mpita njia. Vijana wako hawamo humo, ndiyo maana huwezi kuchagua moja ukaiacha nyingine.

Sasa lile swali lako la bomba kupasuka baadaye. Swali hili lingeulizwa na kila fundi kabla hajalipa, ningelala vizuri. Nilimhudumia fundi mmoja aliyemaliza nyumba ya ghorofa hapa Kisumu, Milimani, akakabidhi funguo. Baada ya wiki mbili kiungo cha shaba nyuma ya shawa kilipata ufa siku ya Ijumaa jioni, mwenye nyumba akiwa safarini. Maji yalikwenda hadi Jumatatu. Dari ya jipsamu ya chini ilianguka juu ya viti vya mpangaji, na mbao za kabati za jikoni zikavimba hadi milango ikakataa kufunga. Tulipofungua hati ya bima, maneno yalikuwa wazi: inalipa madhara yanayotokea wakati kazi inaendelea. Kazi ilikuwa imekabidhiwa. Alilipa mwenyewe, kwa awamu, karibu mwaka mzima. Hati hiyo aliinunua kabla hatujajuana, lakini bado huniuma, kwa sababu kilichokosekana ni kifungu kimoja cha nyongeza.

Kwa hiyo mwambie wakala wako hivi, na umwambie kwa maandishi: nataka nyongeza inayogharamia madhara ya kazi iliyokamilika baada ya makabidhiano, na nataka kujua inadumu miezi mingapi. Hata ukiwa nayo, italipa vitu kama ile dari na viti vya mpangaji tu. Kile kiungo chenyewe na kazi ya kukirudia ni juu yako.

Usisahau ushahidi. Kabla ukuta haujapigwa plasta, pima mabomba kwa pampu ya mkono kwa mara moja na nusu ya presha ya kawaida. Piga picha ya geji mwanzoni na mwishoni, saa ikionekana, na mwakilishi wa mwanakandarasi atie sahihi. Mwingine akija kutoboa ukuta baadaye kuweka rafu ya televisheni, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea. Muulize pia mwanakandarasi kama bima yake ya mjengo mzima inawataja mafundi wadogo kama wanaolindwa. Mara nyingine mmo, na hamjui.

Kuhusu kulipa, sheria ya bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea pesa. Wakala akikuambia "chukua cheti, utanilipa mwezi ujao", cheti hicho ni karatasi tu. Lipa moja kwa moja kwa kampuni, na uhakikishe leseni ya wakala kwenye orodha ya IRA, mamlaka inayosimamia bima. Juu ya bei kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mfuko wa fidia asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Kwa bima ya 20,000 hizo zote ni 130. Ukiona zaidi, omba hesabu.

Pampu weka, mabomba yake funga. Nyaya mwachie fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, hata kama unajua kuziunganisha. Mtu akipigwa na shoti pale, kampuni ya bima itauliza kwanza ni nani aliyeshika waya.