Uzembe wa wakili: rufaa au ombi la baadaye?

Ndugu, umeuliza kama uzembe wa wakili wa kaka yako, aliyeacha kumwita shahidi, uingizwe kwenye rufaa ya kesi yake ya shirikisho huko Marekani. Mara nyingi, hapana. Rufaa husoma kumbukumbu za kesi tu, na shahidi ambaye wakili hakumwita hayumo humo. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Massaro, 2003, hoja hii ya uzembe haipotei ukiiacha nje ya rufaa. Ipeleke kwa ombi la kifungu cha 2255 cha sheria ya shirikisho, yaani ombi la kutaka mahakama iliyotoa hukumu iifute au iirekebishe, kwa kawaida ndani ya mwaka 1 tangu hukumu iwe ya mwisho.

Kesi ya Strickland, 1984, ya mahakama hiyo hiyo, inakutaka uthibitishe mawili: utendaji ulio chini ya kiwango cha wakili makini, na uwezekano wa kutosha kwamba bila kosa hilo matokeo yangekuwa tofauti. Wengi hushindwa kwenye hilo la pili. Tafadhali ambatisha hati ya kiapo ya shahidi mwenyewe, ieleze angesema nini hasa.