Usitafute makovu tu: kwa mnaoanza kazi ya kulinda watoto Tanga

Nilipoanza kazi hii nilikuwa natafuta makovu. Mtoto asiye na alama nilimhesabu yuko salama, na kosa hilo liliwagharimu watoto. Ndiyo maana nawaandikia mapema ninyi mnaopangiwa Makorora, Ngamiani na Sahare.

Kipigo huonekana upesi. Ukatili wa maneno hauna jeraha: mtoto anayeitwa mkosi tangu mama yake afariki, ukimsemesha anainamisha kichwa kama aliyekosea kuzaliwa. Kutelekezwa nako hujificha nyuma ya umaskini, na hapa mwende polepole. Mama anayelala njaa pamoja na mwanawe anahitaji msaada. Anayewapakulia wanawe akamwachia yatima ukoko, huyo ana kesi ya kujibu. Kuna pia binti wa miaka 12 aliyeletwa kutoka Lushoto "kusomeshwa na shangazi", kumbe anaamka alfajiri kukanda maandazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumkosesha shule.

Ukatili wa kingono ndio unaofichwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 waliupitia kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana msiwasahau, wao husema kwa shida zaidi. Mara nyingi aliyemtenda mtoto ni mtu anayejulikana nyumbani, basi wazee watakukalisha barazani: "Mwanangu, haya tuyamalize kifamilia." Waamkie, wasikilize kwa adabu, ila usikubali. Mtoto afike hospitali haraka, maana dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Mtoto akianza kusema, uliza machache, usimrudishe kila mara kwenye aliyokwisha kusema. Wala usimwahidi siri. Mimi nilimwahidi mmoja, kesho yake ikanilazimu kusema, hakunisemesha tena. Siku hizi namwambia tangu mwanzo: "Nitawaambia watu wachache wanaoweza kukusaidia, na nitakutajia ni akina nani."