Sabuni haiyeyushi protini za ngozi

Hapana yaya, unasema sabuni ya kufulia inayeyusha protini za ngozi, lakini hata hiyo unayoilaumu haiyeyushi protini za ganda la seli za ngozi ya juu. Zimeshonwa, yaani zimeungwa moja kwa nyingine kwa vifungo imara. Seli inapokaribia kufa, madini ya kalisi hupanda ndani yake na kuamsha kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kinachoitwa transiglutaminesi. Hicho hushika glutamini ya protini moja na lisini ya protini jirani (zote mbili ni asidi amino, vipande vinavyojenga protini), kinaziunga, na amonia kidogo inatoka. Protini iitwayo involukrini hutandikwa mapema, kisha nyingine, lorikrini, inajazwa kwa wingi, mpaka seli inavaa ganda gumu. Maabara wanalichemsha ganda hilo ndani ya sabuni kali pamoja na dawa ya kukata vifungo vya salfa, na bado linabaki. Nafundisha biolojia hapa Lubumbashi, na wanafunzi kila mwaka wanabisha kama wewe!

Sabuni inachoondoa ni mafuta yaliyo kati ya seli na seli. Ndiyo maana mwezi wa sita, baridi na upepo mkavu vikija, visigino vinapasuka ukiosha bila kupaka kitu. Ila usichanganye ganda hilo na keratini, protini iliyo ndani ya seli: ile hushikwa zaidi na vifungo vya salfa.

Mshono ukikosekana utaona tofauti: mtoto aliyerithi jeni TGM1 (yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho) ikiwa mbovu kutoka kwa baba na mama mara nyingi huzaliwa amefunikwa na utando unaong'aa, umembana kama nailoni, na baadaye ngozi inakuwa ya magamba. Losheni inapunguza ukavu tu, haishoni.