Kilo tano za sembe Guangzhou

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Ukisafiri Asia, unakula cha wenyeji au unakwenda na chako?" Najua wengi watawaandikia kwamba wao wamekula kila kilichowekwa mezani. Mimi naanza na aibu yangu. Safari yangu ya kwanza Guangzhou, mji wa kusini mwa Uchina, Oktoba 2012, nilibeba kilo tano za sembe, dagaa wa Kigoma waliokwisha kukaangwa, karanga, chumvi na chupa mbili za pilipili ya kusaga. Nilipofika nikanunua sufuria ya umeme ya kupikia wali, nikasonga ugali chumbani. Siku ya tatu mhudumu wa hoteli alibisha hodi akiwa ameziba pua kwa mkono wa shati. Dagaa, jamani. Kwetu harufu ile inaita majirani, kule ilimwita meneja.

Mimi ni mtu wa mikoba. Duka langu liko Kariakoo, mzigo naufuata Sanyuanli, kwenye majengo yaliyojaa mikoba na mabegi ghorofa kwa ghorofa. Waafrika wengi tunafikia mtaa wa Xiaobei, na pale ukitaka ugali unaupata, ukitaka fufu unaipata. Palikuwa na dada wa Kikongo akipika chumbani kwake. Unampigia simu, baada ya nusu saa chakula kiko mlangoni. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda Uchina mara kumi akarudi nyumbani hajala cha Mchina hata tonge moja. Nawajua watu wa namna hiyo. Nilikuwa mmoja wao.

Sababu yangu ilikuwa nzuri na haina mjadala. Mimi mtoto wa Wete, Pemba, nimekaa chuo cha Kurani mpaka nimehitimu, nani atanilazimisha? Nikiulizwa mbona huli, najibu neno moja tu, "kitimoto", yaani nguruwe, na mazungumzo yameisha. Lakini Mungu anajua. Njiani waliuza mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu vya kuchoma, mayai, matunda ya kila rangi, na vyote hivyo sikuvigusa. Kiazi kitamu nacho kina uharamu gani? Ulikuwa woga tu, nikauvisha kanzu.

Dagaa waliisha siku ya kumi. Mkalimani wangu, kijana wetu wa Kitanzania aliyekuwa akisoma huko, aliniona nashindia biskuti na chai. Akaniambia, "Mama, leo twende, nami nitakula mbele yako." Tukaingia kwenye kijiduka chenye kibao cha kijani. Juu yake palikuwa na maandishi ya Kichina mawili, na pembeni neno la Kiarabu nililoweza kulisoma mwenyewe: halali. Yale ya Kichina yanatamkwa qingzhen, na kila moja ukilitafsiri peke yake unapata "safi" na "kweli". Ndiyo alama ya chakula cha Waislamu nchi nzima ya Uchina. Nilikuwa nimepita mbele ya kibao kile siku tisa, asubuhi na jioni.

Mpishi alikuwa mwanamume mwembamba, kofia nyeupe kichwani, amesimama kwenye meza iliyonyunyizwa unga. Alichukua donge la unga wa ngano, akalivuta kwa mikono miwili kama tunavyopima kitambaa dukani, akalikunja, akalivuta tena, akalipigiza mezani, pa! Uzi mmoja ukawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Mimi mtu wa hesabu, nikawa nahesabu: akikunja mara nane ana nyuzi 256, zote sawa, na hakuna hata mmoja uliokatika. Akazitumbukiza kwenye maji yanayochemka, na muda wa kuvuta kiti na kukaa ulitosha, bakuli likawa mbele yangu. Yuan kumi.

Tambi hizo zinaitwa lamian, na asili yake ni mji wa Lanzhou, kaskazini-magharibi mwa nchi. Lanzhou kwenyewe wana kanuni ya kulihukumu bakuli kwa macho kabla ya ulimi: moja, supu iwe angavu; mbili, figili iwe nyeupe; tatu, mafuta ya pilipili yawe mekundu; nne, kotimiri iwe ya kijani; tano, tambi ziwe za njano. Hiyo njano nilidhani ni mayai. Kumbe unga hukandwa kwa maji ya majivu ya kichaka fulani cha nchi kavu, wanayaita penghui, siku hizi wengi hutumia unga wa dukani badala yake. Ndiyo yanayofanya donge livutike bila kukatika. Nikamwambia mkalimani: hayo ni magadi, mwanangu. Mama yangu anatia kwenye kunde.

Kwetu ukila kwa kelele unatupiwa jicho. Pale duka zima lilikuwa linafyonza tambi, watu wazima na tai zao shingoni. Nikajaribu kula kimyakimya kwa vijiti, zikanishinda, zikaniruka mpaka kwenye mtandio. Mke wa mpishi akaniletea uma bila kuombwa. Supu nikainywa yote, nikaona michoro ya chini ya bakuli.

Nikamwambia yule bwana, kupitia kwa kijana, kwamba kumbe chakula cha Guangzhou ni kitamu. Akacheka mpaka akaacha kukanda. Yeye si mtu wa Guangzhou. Wala si wa Lanzhou! Anatoka Hualong, mkoa wa Qinghai, mbali kabisa huko milimani, na wengi wenye vijiduka vya namna ile kwenye miji ya Uchina ni watu wa kwao, ingawa kibao kinaandikwa Lanzhou kwa sababu ndilo jina linalouza. "Cha watu wa hapa," akasema, "hata mimi sili. Kila kitu wanatia nguruwe."

Basi hapo, Mhariri, swali lenu likaanza kunitatiza. Cha wenyeji, mwenyeji yupi? Mtu wa kwanza kunilisha Uchina alikuwa mgeni kama mimi, na hofu yake ni ileile yangu, ila yeye alifungua duka.

Ijumaa ile nilikwenda kuswali kwenye msikiti ulio jirani na kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, si mbali na Xiaobei. Nje ya lango, baada ya sala, pale barabarani palikuwa sikukuu. Wauzaji wa Kihui na wa Kiuyghur, Waislamu wa Uchina, wamepanga mikate ya tanuri, zabibu kavu, nyama ya kondoo, na mishikaki inayonyunyiziwa pilipili na bizari ya pilau, ile ambayo kwetu Pemba tunaiita uzile. Moshi wa uzile kwenye makaa! Nilisimama pale nikasikia harufu ya nyumbani, na hakuna hata mmoja katika wale wauzaji aliyewahi kuliona shamba la karafuu. Nilikula mishikaki sita. Tangu siku hiyo hesabu zangu za sembe zikaanza kupungua.

Chakula chenyewe cha Guangzhou nilikifikia mwaka 2014, kwa mlango wa biashara. Mwenye kiwanda ninayenunua kwake, mtu mzima, mpole, alinialika asubuhi kwenye kile wanachokiita yum cha, yaani kunywa chai. Neno ni lilelile letu. Chai yetu na cha yao ni ukoo mmoja. Lakini usidanganyike na jina. Ni mlo wa saa mbili, vikapu vidogo vya mianzi vinaletwa vikifuka mvuke, na mabibi na mababu wamejaa ukumbini na magazeti yao.

Tulipoketi tu, likaletwa bakuli kubwa tupu likawekwa katikati, na birika la chai ya moto. Yule bwana akamimina chai kwenye kikombe chake, akaigeuza geuza, akaimwaga kwenye bakuli kubwa. Mimi nikasema, ahaa, wastaarabu hawa, kama sisi. Nikajivuta mbele, nikakunja mikono ya baibui, nikatia vidole kwenye lile bakuli nikanawa vizuri mpaka kwenye vifundo vya vidole.

Meza ikanyamaza. Kumbe wanasuuza vyombo! Mtu wa Guangzhou hali mpaka kikombe, bakuli na vijiti vyake vimepita kwenye chai ya moto, na bakuli lile ni la kumwagia maji machafu. Mke wa mwenyeji wangu alijizuia, akajizuia, kisha akashindwa, akacheka machozi yakamtoka. Nami nikacheka. Bakuli likabadilishwa. Mpaka leo nikiingia ofisini kwao ananionyesha ishara ya kunawa mikono kabla hata ya kunisalimu.

Yapo mengine niliyoyaokota kwenye meza ile. Ukimiminiwa chai huna haja ya kukatisha maneno ili ushukuru. Unagonga meza kwa vidole viwili, basi. Wanasimulia kwamba mfalme wao wa zamani, Qianlong, alitembea kwa kujificha, akawamiminia chai watumishi wake, nao kwa kuwa hawakuweza kumsujudia hadharani, wakasujudu kwa vidole. Birika likiisha unaacha mfuniko wazi kidogo, mhudumu anaelewa. Na vijiti usivisimamishe wima kwenye wali, vinafanana na udi wanaowachomea marehemu wao.

Kuhusu vikapu, hapo ndipo nilipojua kwamba woga na tahadhari ni vitu viwili. Kile kitumbua chepesi cha kamba, kinachoonekana mpaka ndani kama kioo, nilikuwa nimekwisha kukielekeza mdomoni. Kamba ni kamba, si ndiyo? Yule mama akanishika mkono. Ndani mna mafuta ya nguruwe, ndiyo yanayokifanya kilainike. Hapohapo akanifundisha jambo ambalo lingenisaidia miaka miwili mapema: kwa Wachina ukisema "rou", nyama, bila kuongeza neno, aghalabu mtu anaelewa nguruwe. Tena ukiagiza mboga tupu unaweza kuletewa mchicha wenye nyama ya kusaga juu, kwa kuwa kwao ile si nyama, ni kiungo. Kwa hiyo siku hizi siulizi "kuna nyama?" Nina karatasi iliyoandikwa kwa Kichina na yule kijana: sili nguruwe, wala mafuta yake, wala pombe kwenye mchuzi. Naitoa kabla ya kukaa. Hakuna aliyewahi kuninunia.

Miguu ya kuku waliila mbele yangu, inaitwa makucha ya finiksi, yule ndege wa hadithi. Mimi sikuila kwa sababu ya kuchinjwa, si kwa kinyaa, na wenzangu wa Dar wanaokunja uso wakiiona kwenye picha nawashangaa. Pita Manzese jioni uangalie yale masufuria. Na swali la "eti wanakula nyoka?", ambalo naulizwa kila nikirudi, jibu ni hili: supu ya nyoka ilikuwapo Guangdong, mkoa wenye mji wa Guangzhou, mpaka ulaji wa wanyama pori ulipopigwa marufuku mwaka 2020, nayo ilikuwa chakula cha majira ya baridi na ghali. Hakuna ambaye angeipoteza kwa mgeni aliyekuja kununua mikoba.

Ila samaki! Safari iliyofuata walinipeleka mahali samaki wanaogelea kwenye matangi ya kioo, unachagua aliye hai. Nikamwona chewa. Baba yangu alikuwa mvuvi, chewa namjua tangu sijaota meno. Karatasi yangu ikaenda jikoni, mwenye kiwanda akaifuata kwa miguu yake kuhakikisha haitiwi pombe. Samaki akapikwa kwa mvuke, mzima, dakika chache tu, akawekewa nyuzi za tangawizi na majani ya vitunguu, akamwagiwa mafuta ya moto yakalia shwaa, na sosi ya soya pembeni. Hakuna nazi, hakuna ndimu, hakuna bizari. Nikajua kwa nini wanamtaka hai: samaki aliyelala ukimpika hivyo anakusema.

Kichwa walikielekeza kwangu, ni heshima ya mgeni. Upande wa juu ulipoisha nikatia vijiti nimgeuze. Mkono wa yule mama ukanishika tena, mara ya pili katika maisha yetu. Samaki hapinduliwi. Ni desturi ya wavuvi wa pwani yao: ukimpindua samaki mezani umepindua chombo baharini. Wakautoa uti wa katikati taratibu, tukaendelea na nyama ya chini. Nilimkumbuka marehemu baba na ngalawa yake, nikaacha kula kidogo. Nao hawakuniuliza kitu.

Wapo watakaonilaumu kwa vyombo vya mahali pale, kwamba huenda vilipikiwa nguruwe. Nawaelewa. Mimi niliuliza, nikajibiwa, nikapiga bismillahi.

Sasa nabeba kilo moja tu ya sembe, kwa ajili ya siku ya uchovu. Nafasi iliyobaki, wakati wa kurudi naijaza chenpi, maganda ya machenza kutoka Xinhui, mkoa huohuo wa Guangdong, yanayokaushwa na kuwekwa miaka mitatu kwenda juu. Kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyopanda bei. Kipande kimoja kwenye supu ya kuku kinatosha. Mara ya kwanza nilimpelekea mama Wete, kwenye kopo zuri lenye maua. Akalifungua, akanusa, akachungulia uani ambako mchenza wake ulikuwa umebeba mpaka matawi yanagusa chini. Akaniuliza, "Mwanangu, umepanda ndege kwenda kununua maganda?" Nikamtajia na bei. Akafunga kopo polepole, akamwita mjukuu aliyekuwa akifagia, akamwambia aache kwanza kuyatupa yale ya asubuhi.

Msomaji wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam